Toleo la Kumi na Saba Halikufika Bariadi

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, maana nikishaanza sitaki kukatishwa. Nimeshachekwa vya kutosha. Padri alinisikiliza akanipa sala za kusali, daktari akanipima presha, mke wangu akaninunia mwaka mzima. Hakuna aliyeniita mwongo usoni, ila naona wanavyonitazama. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu, sijaonja hata funda moja la pombe. Tena ningefurahi sana kama yangekuwa uongo.

Nilikuwa karani wa mizani kwenye chama cha ushirika, nikipima pamba vijijini, upande wa kwenda Migato. Likaja soko huria. Wanunuzi binafsi wakaja na malori yao na mizani yao, chama chetu kikaishiwa pumzi, na sisi makarani tukaambiwa tukapumzike nyumbani. Mimi nikaenda kupumzika kwenye baraza ya Masanja, fundi baiskeli, jirani na stendi ya Bariadi. Mtu mzima na akili zangu, kazi yangu ikawa kumshikia Masanja gurudumu wakati anakaza spoku.

Miaka ile magazeti yalikuwa yanachipuka Dar kama uyoga. Leo linatoka hili, mwezi ujao lile. Kulikuwa na moja ambalo lilikuwa la picha tupu, hadithi moja inayoendelea toleo hadi toleo, na konda wa basi la Mwanza alikuwa akiniletea nakala moja kila mwezi. Moja tu. Hiyo moja ilisomwa na Bariadi nzima. Naongeza chumvi, lakini si sana.

Siku ya gulio watu walishuka kutoka vijijini, wakishauza walichouza wanakuja barazani. Wengi hawakujua kusoma. Basi mimi nasoma kwa sauti, naonyesha picha kwa kidole, nageuza Kiswahili cha Dar kuwa Kisukuma, na nikifika kwenye kupigana napiga meza. Wewe hujaona watu wanavyosikiliza. Mtu anasahau kwamba ana ng'ombe amemfunga juani.

Na kubishana! Hapo ndipo penyewe. Nkwabi, muuza nyama, alikuwa na kichwa kinachoshika kila kitu. Yule jambazi alikatwa mkono wa kushoto toleo la tano, Nkwabi anauliza, sasa leo bastola kaishika na mkono upi? Tunafungua kasha langu, tunatafuta la tano, tunakuta kweli, mchoraji kasahau. Asumini, msichana wa kwenye hadithi, alikuwa ameshakufa mara tatu na kurudi mara tatu. Masanja akashikilia kwamba anayerudi si yeye, ni pacha wake, hawa ni Kulwa na Doto, kwa nini hamuoni? Nkwabi akamjibu kwamba toleo la pili mama yake alimwita mtoto wangu wa pekee. Wakanuniana wiki nzima, watu wazima wenye wajukuu.

Kwenye hadithi ile kulikuwa na nyumba ya tajiri mmoja, na watoto wa nyumba hiyo walikuwa wanakufa, mmoja baada ya mwingine. Nani anawaua? Miezi mitano tulibishana juu ya hilo. Toleo la kumi na sita likaishia kwenye mlango wa chumba cha watoto, na mkono unausukuma. Mkono tu, bila mwenye mkono.

Alikuwepo msikilizaji mmoja anaitwa Jilala, mkulima wa kijiji ambacho zamani nilikuwa nakwenda kupima pamba. Alikuwa anakaa juu ya debe lililopinduliwa, pembeni, habishani na mtu. Mwaka huo alikuwa amezika watoto wawili katika msimu mmoja wa mvua, wiki tatu kati ya kaburi na kaburi. Zahanati walisema ni homa. Kila alipokuja alisikiliza mambo yote kimya, lakini tukifika kwa wale watoto wa tajiri anasogeza debe mbele.

Toleo la kumi na saba halikufika. Mvua ilikata barabara, basi likageuzia njiani, na furushi la magazeti sijui liliishia wapi. La kumi na nane likaja. Nikalisoma peke yangu kwanza, kama kawaida yangu. Humo ndani yule bibi mzee wa ile nyumba, Bibi Sihaba, hayupo tena. Chumba chake kina kufuli. Asumini kavaa nguo nyeusi. Hakuna anayeeleza kitu.

Siku ya gulio wamekaa watu kumi na wawili. Nkwabi akauliza, na la kumi na saba je? Ningesema halijafika, kesi ingeisha. Sasa niulize kwa nini sikusema. Nakuambia ukweli, na unaniuma mpaka leo: tangu waninyang'anye mizani, ile baraza ndiyo ilikuwa mahali pekee duniani ambapo watu walingoja nifungue mdomo. Nikasema nililisoma palepale stendi, konda akalichukua kulipeleka kwa mteja wake Maswa, pale Nyalikungu. Nikaanza kulisimulia.

Nililitunga nikienda. Ule mkono, nikasema, ulikuwa wa Bibi Sihaba. Yeye ndiye aliyekuwa anawala wale watoto kwa uchawi. Wakashusha pumzi wote. Asumini alimgunduaje, wakauliza. Nikatafuta kitu watakachokielewa upesi, nikasema, kwa macho. Macho yake yalikuwa mekundu. Wakaitikia kwa vichwa. Lakini Nkwabi hakutosheka, kila bibi anayepikia moshi ana macho mekundu, lazima kulikuwa na kitu kingine. Na mimi, kwa kutafuta kitu kingine, nikamkumbuka Mayu Ngollo.

Mayu, yaani mama, Ngollo alikuwa mjane, jirani yake Jilala kwa upande wa chini. Nilipokuwa karani nilikuwa napita kwake kila msimu wa pamba. Ananiwekea maji, ananipa matobolwa, vile viazi vya kukausha, tunaongea habari za mvua. Alikuwa anapikia samadi kavu kwa sababu kuni zilikuwa mbali, basi macho yake yalikuwa kama yalivyo macho ya bibi zetu wote. Na alikuwa na tabia moja: akitoka anapindua kigoda chake mlangoni, miguu juu, ili kuku wasikinyee. Hicho ndicho kilichonijia kichwani. Haki ya Mungu sikumtakia mabaya. Kilinijia kwa sababu nilikipenda.

Nikasema Asumini aliona kigoda cha bibi kimepinduliwa mlangoni, na kila kilipopinduliwa, usiku huo mtoto alikufa.

Nikamalizia kwa wanaume waliomjia bibi na mapanga, wakamuua. Halafu Jilala, ambaye hakuwahi kuuliza kitu, akauliza.

"Kigoda kikipinduliwa, ndiyo ishara?"

"Ndiyo ishara," nikamwambia.

"Imechorwa hivyo?"

"Imechorwa."

Akainuka akaenda zake. Nikafungua la kumi na nane nikaendelea kusoma.

Hazikupita wiki mbili. Nkwabi ndiye aliyenipa habari, anakata nyama huku anaongea, kama mtu anayekupa habari za mnada. Mayu Ngollo amekatwa mapanga nyumbani kwake. Walimkuta asubuhi kando ya mlango. Polisi walikuja wakaondoka, kijiji kikaitwa mkutano, kila mtu akasema hajaona kitu wala kusikia kitu. Wewe unadhani mimi nilisema nini? Nilisema pole. Nikalipia nyama yangu nikaenda nyumbani, na sikuila.

Jilala alikosa magulio mawili. La tatu akaja, akakaa juu ya debe lake, akauliza kama la kumi na tisa limefika. Lilikuwa limefika. Na mimi nikamsomea. Nisikilize vizuri hapo: nilimsomea, na sauti yangu haikutetemeka.

Sasa ndiyo siku yenyewe. Haikuwa siku ya gulio. Saa nane mchana, mvua imetoka kukatika, Masanja kaenda nyumbani kula. Nimekaa barazani peke yangu. Akaja bibi mmoja kutoka upande wa barabara, amejitanda khanga kichwani, kisha ameizungusha shingoni na kuikaza sana, mkono mmoja umeshika fundo. Alipotaka kutazama kando hakugeuza shingo, aligeuka mwili mzima. Nikadhani shingo inamuuma.

Akaniamkia, mwadila, nikamwitikia, mwadila mayu. Nikamwekea benchi. Hakulikalia, alikwenda kukaa juu ya debe la Jilala. Akasema amesikia mimi ndiye ninayesoma kitabu cha picha. Nikakubali. Akaniomba nimsomee namba kumi na saba.

Joto likanipanda. Nikamwambia hiyo haipo, ilichukuliwa. Akasema basi nimsimulie tu. Na mimi nikamsimulia. Amini usiamini, niliinogesha kuliko siku ile ya kwanza, maana nilikuwa nimeshairudia mara nyingi kwa watu waliochelewa na ilikuwa imekaa vizuri mdomoni. Nilipofika kwenye kigoda tu ndipo nilipoharakisha nikapita.

"Ulilisoma mwenyewe?" akauliza.

"Nililisoma, mayu."

"Huyo bibi, walipomjia, walimuuliza?"

 Nikaipitia hadithi yangu yote kichwani, tangu mlango mpaka panga. Nilikuwa nimempa Asumini maneno, nimempa tajiri maneno, hata wale wanaume wenye mapanga walikuwa na maneno ya kutisha niliyoyapenda mwenyewe. Bibi hakuwa na neno hata moja.

"Hakuulizwa," nikamwambia.

"Na yeye hakusema kitu?"

"Hakusema."

Akaingiza mkono ndani ya khanga, akatoa gazeti, akaliweka mapajani mwangu. Karatasi ileile, wino uleule unaochafua vidole. Toleo la kumi na saba. Nikafungua. Nakuambia nilitamani kupofuka. Yalikuwa maneno yangu, neno kwa neno, yamechorwa kwa mkono wa yule mchoraji wa Dar asiyenijua. Mlango, mkono, macho. Kigoda miguu juu. Ukurasa wa mwisho bibi amesimama mlangoni, gauni lake la madoa madoa, na wanaume mbele yake. Wote wana maneno juu ya vichwa. Juu ya kichwa chake pamechorwa kile kiduara cha maneno, lakini ndani ni peupe.

"Una kalamu," akasema. Kweli nilikuwa nayo mfukoni mwa shati, mazoea ya ukarani. "Niandikie."

"Niandike nini, mayu?"

"Umekaa kwangu misimu mingapi? Umekula viazi vyangu, tumeongea. Unajua ninavyosema."

Ndipo nilipouinua uso wangu nikamtazama. Alikuwa Mayu Ngollo. Nilikuwa nimemjua tangu alipokaa, sema moyo ulikataa. Na macho yake, jamani, yalikuwa meupe kabisa, meupe kama ya mtoto aliyezaliwa jana. Hayakuwa na wekundu hata wa kutafuta.

Nilitoa kalamu. Niliishika. Na sikuandika. Usidhani ni woga peke yake, woga ulikuwepo, nilikuwa nimelowa jasho mpaka miguuni. Ni kwamba nilijua akisema neno moja tu, hadithi yote inaanguka, na nitabaki mimi peke yangu nimesimama pale mlangoni na panga. Nilikuwa na nafasi ya kumpa mtu aliyekufa neno lake la mwisho, nikamnyima. Alingoja. Alingoja muda mrefu sana, bila hasira, kama anavyongoja mtu kwenye mizani zamu yake ifike. Kisha akalikunja gazeti, akainuka, akaondoka na njia aliyojia.

Masanja alipofika aliniuliza nilikuwa namsomea nani, maana alinisikia tangu barabarani nikisoma lile la kumi na saba. Nikamwambia sikuwa nasoma, na halikuwepo la kumi na saba, nililitunga lote kwa kichwa changu. Akanitazama akacheka. Akasema nimepatwa na malaria.

Gulio lililofuata nikawaambia wote. Nikasimama mbele yao nikasema nimewadanganya, toleo lile sijapata kuliona. Nilitegemea watanitukana, nilitamani wanitukane. Nkwabi ndiye aliyejibu, kwa upole, kama anamsahihisha mtoto. Akasema nisichezee watu, toleo lile kila mtu alilishika kwa mkono wake. Akaanza kulieleza. Bibi amesimama kushoto, wanaume watatu kulia, gauni lake la madoa madoa. Nilikuwa sijamwambia binadamu yeyote habari za gauni lile. Wengine wakaitikia, ndiyo, madoa madoa. Mtu aliyekuwa akikagua jambazi kakatwa mkono gani, na leo ananiapia juu ya karatasi isiyokuwepo. Tukafungua kasha. Kumi na sita, kumi na nane. Nkwabi akasema basi mimi ndiye niliyelipoteza.

Nilifikiri nitapata usingizi nikimwambia Jilala. Yeye ndiye hasa aliyestahili kujua. Nikaazima baiskeli ya Masanja nikaenda. Sikumkuta shambani, alikuwa amekaa ndani, mchana ule, mlango umefungwa. Mke wake akanikaribisha kisha akatupisha. Nikamweleza yote, sikuficha. Kwamba hakuna ishara, hakuna kigoda, hakuna aliyechora kitu, ni mdomo wangu.

"Usiniambie hivyo," akasema.

Nikarudia. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Mikono ilikuwa ya baridi.

"Kama uliitunga," akasema polepole, kwa Kisukuma, "wanangu walikufa kwa homa tu. Na mimi nimekuwa nani?"

Nikajaribu kuutoa mkono wangu. Wewe ungemjibu nini?

"Sema uliisoma," akaniambia. Akapiga magoti, mwanaume yule, akazidi kuushika mkono wangu. "Ndugu yangu, nakuomba. Sema uliisoma."

Nikasema, "Niliisoma."

Akauachia mkono wangu, akalia. Nikatoka nje. Kando ya kihenge cha mtama alikuwa amesimama Mayu Ngollo, khanga imekazwa shingoni, gazeti limekunjwa mkononi. Alikuwa amesikia. Tulitazamana, na hakuniuliza kitu chochote.

Mwaka uliofuata Jilala alihama na ng'ombe wake kwenda kusini huko, kama walivyohama wengi. Nasikia hakufika mbali kimaisha, nasikia hakuwa analala. Lile gazeti nalo likafa bila kumaliza hadithi, hatukujua hata Asumini aliishia wapi. Nkwabi na Masanja wamekwisha kufa, na wote wawili mpaka mwisho walikuwa wanaapa kwamba walilishika toleo la kumi na saba. Mimi sijasoma kitu kwa sauti tangu siku ile, hata somo kanisani. Yeye huja. Kila mwaka, mvua za kwanza zikishakatika, mchana, anakaa mahali ninapoweza kumwona, anasubiri kidogo, anaondoka. Nimewahi kumwandalia kalamu na karatasi. Hazitaki tena. Mke wangu anasema hakuna mtu pale, na mimi simlaumu.

Siku hizi nawaona vijana na simu zao, hadithi zao zinakwenda miaka na miaka, wanabishana nani alikufa sehemu ya ngapi, nani karudi, mtunzi kasahau nini. Wakifurahi nafurahi. Bishaneni tu, hakuna ubaya. Ila sehemu ambayo hujaiona, sema hujaiona, hata kama wamekaa watu kumi na wawili wanakutazama mdomoni. Usimjazie mtu kisa chake, kiwe cha kwenye picha au cha jirani yako wa upande wa chini. Na kama umeshamjazia, usisubiri mvua ikatike. Nenda kwake leo ukamuulize, akiwa bado ana mdomo wa kukujibu.